Neno "huckster" la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili hulimaliza neno hili kwa tafsiri moja, "mchuuzi", kisha zinasonga mbele. Msomaji anabaki na kitendawili: kama huckster ni mchuuzi, mbona magazeti ya Marekani humwita hivyo bilionea, mhubiri wa televisheni au mgombea urais? Yafuatayo ni maswali ambayo wanafunzi na watafsiri huuliza wakikutana na neno hili.

Huckster ni nani hasa?

Katika Kiingereza cha leo ni mtu anayenadi kitu kwa kelele, kwa kung'ang'ania na kwa sifa zilizotiwa chumvi, huku anayemsikiliza akishuku kwamba kitu chenyewe hakifikii hata nusu ya maneno hayo. Ndani ya neno kuna mambo mawili, presha na shaka, na lazima yote mawili yawepo. Muuzaji msumbufu mwenye bidhaa nzuri huitwa "pushy", basi. Tapeli mpole anayekuibia kwa barua yenye nembo na mihuri haitwi huckster, kwa sababu hana mbwembwe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huckster ndiye anayekitembeza, tena kwa kipaza sauti.

Bidhaa yenyewe si lazima ishikike mkononi. Inaweza kuwa dawa ya kupunguza unene, kiwanja, sarafu ya kidijitali, dini au sera ya chama. Ndiyo maana neno limewahama watu wa sokoni na kuwapanda wakubwa.

Linatamkwaje?

"Haksta". Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, na ile "u" hutamkwa kama "a" fupi. Wamarekani husikika wakiitoa "r" ya mwisho, Waingereza wengi huimeza. Wingi wake ni "hucksters".

Limetoka wapi?

Huaminika kwamba limeingia Kiingereza kutoka Kiholanzi cha zama za kati na lugha jirani za Kijerumani cha pwani, kwenye mzizi uliomaanisha kuuza rejareja. Baadhi ya wataalamu huunganisha mzizi huo na kuinama au kuchutama, yaani picha ya mtu aliyepinda mgongo chini ya mzigo wake. Mzizi huohuo ndio uliozaa "hawker", kwa hiyo maneno haya mawili ni ndugu. Ndege aitwaye "hawk" hana undugu nao wowote, ni sauti tu zimegongana.

Ushahidi wa zamani kabisa katika Kiingereza ni wa karibu mwaka 1200, katika shairi la kidini lijulikanalo kama Ormulum. Mtunzi anasimulia Yesu akiwafukuza wafanyabiashara hekaluni, na kosa lao analieleza hivi: wamegeuza nyumba ya Mungu kuwa kibanda cha huckster. Maana yake neno lilianza kuandikwa likiwa tayari kizimbani.

Ile "-ster" ya mwisho ina maana gani?

Hapa ndipo penye historia tamu. Katika Kiingereza cha zamani "-ster" ilikuwa alama ya mwanamke mwenye kazi fulani. Mwanamke mfumaji alikuwa "webster", mwoka mikate "baxter", mpika pombe "brewster". Siku hizi haya matatu yamebaki majina ya ukoo, na wenye majina hayo wengi hawajui kwamba wamebeba kazi za bibi zao. "Spinster" alikuwa mwanamke asokotaye nyuzi kabla ya kuwa jina la mwanamke ambaye hajaolewa.

Kwa hiyo huckster wa mwanzo, kwa umbo la neno, ni mwanamke mchuuzi. Baadaye watu walisahau kwamba "-ster" ni ya kike, wakaanza kuitumia kwa yeyote, na mwisho ikaegemea upande wa watu wasioaminika: "trickster", "gangster", "mobster". Walipotaka tena neno la mwanamke wakaongeza kiambishi kingine juu ya kile cha kwanza, likapatikana "huckstress". Ni kama kuvaa kanga mbili kwa sababu umesahau ya kwanza umeifunga. Leo "huckster" hutumika kwa mwanamume na mwanamke sawasawa, na "huckstress" huonekana kwenye vitabu vya zamani tu.

Ubaya uliingiaje? Kuuza rejareja si kosa.

Enzi zile lilihesabiwa karibu na kosa. Miji ya Uingereza ya zama za kati iliamini kwamba chakula kinapaswa kutoka kwa mkulima au mwokaji moja kwa moja hadi kwa mlaji. Anayesimama katikati, akanunua ili auze tena, alionekana anapandisha bei bila kuongeza chochote. Kulikuwa na makosa matatu ya kisheria yaliyotajwa pamoja: kumwahi mkulima njiani kabla hajafika sokoni, kununua na kuuza tena ndani ya soko lilelile, na kuhodhi. Kwa Kiswahili chetu yote matatu yangeingia kwenye kapu moja la ulanguzi. Miji mingi iliwakataza wachuuzi kununua asubuhi hadi saa maalumu ipite, ili wenye nyumba zao wapate kwanza.

Waliokuwa wakinunua mkate, ale (pombe ya shayiri), mayai na samaki ili wauze mlango kwa mlango walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake maskini: wajane, wake za vibarua, wasio na mtaji wa kufungua duka wala haki ya kuingia kwenye vyama vya mafundi. Faida yao ilikuwa nyembamba. Ule msemo wa Kiingereza "baker's dozen", dazeni yenye vitu 13, huelezwa kwa mtindo huu: mwokaji alimpa muuzaji wa rejareja mikate 13 kwa bei ya 12, na ule mmoja wa ziada ndio uliokuwa riziki yake.

Wakati huohuo hatuwezi kuwatakasa wote. Katika Piers Plowman, shairi kubwa la mwishoni mwa karne ya 14, dhambi ya Uchoyo imepewa umbo la mtu, na yumo mke wake aitwaye Rose, na uchuuzi ndio kazi yake ya maisha. Anachanganya ale nyepesi na nzito kuwauzia vibarua na watu wa hali ya chini. Ile nzuri anaificha chumbani kwake, na anayeitaka anapimiwa kikombe kimoja kimoja ili galoni isijae sawasawa. Wasokota nyuzi wake anawalipa kwa mizani ambayo ratili yake imezidi robo. Msomaji wa wakati ule alicheka kwa sababu alimjua mtu wa namna hiyo.

Kwa maoni yangu, hizi pande mbili ndizo zinazolifanya neno liwe gumu. Limebeba uzoefu wa kweli wa mnunuzi aliyepunjwa, na limebeba pia dharau ya wenye mji kwa mwanamke mwenye kapu. Sheria zenyewe zilifutwa kwa hatua, mwaka 1772 kisha 1844, baada ya wanauchumi kuonyesha kwamba mtu wa kati ana kazi yake. Lawama haikufutwa. Ilibaki ndani ya neno.

Je, ile maana ya zamani, mchuuzi wa kawaida asiye na kasoro, imekufa?

Kwa Kiingereza cha habari, ndiyo, karibu imekufa. Lakini kuna mahali bado iko hai.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Dominica, kile kisiwa cha Karibea (kisichanganywe na Jamhuri ya Dominika). Huko hucksters ni wafanyabiashara, wengi wao wanawake, wanaonunua ndizi, machungwa, viazi vikuu na mazao mengine kwa wakulima, kisha wanayavusha kwa boti kwenda kuyauza visiwa jirani kama Guadeloupe na Antigua. Wana chama chao, na jina la chama lina neno hilohilo bila aibu. Ukiwa unatafsiri ripoti ya kilimo ya Dominica ukaandika "walaghai", umewatukana watu waliobeba mauzo ya nje ya nchi mabegani mwao. Visiwa vingine vina majina mengine: Jamaika husema "higgler", Barbados "hawker".

Ayalandi "huckster's shop" lilikuwa duka dogo la mtaani la chai, sukari na mishumaa. Na Marekani, kwenye miji ya mashariki kama Philadelphia, huckster alikuwa mtu wa mboga na matunda anayepita mitaani na mkokoteni wa farasi akiita wateja. Ukikuta neno katika kumbukumbu za familia au orodha za sensa za mwanzoni mwa karne ya 20, safu ya kazi ikisema "huckster", tafsiri ni mchuuzi na si zaidi. Babu wa watu alikuwa anauza kabichi.

Mbona Wamarekani hulitumia kwa watu wa matangazo?

Kwa sababu redio ilileta mchuuzi ndani ya sebule. Biashara ya matangazo ilipokua katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kampuni za sabuni ndizo zilizodhamini michezo ya redio, na watu waliokuwa wakiandika yale matangazo ya kurudiarudia walipachikwa jina hili. Mwaka 1946 ikatoka riwaya ya Frederic Wakeman iliyoitwa The Hucksters, kuhusu ofisi za matangazo za New York, na mwaka uliofuata ikawa filamu, mwigizaji Clark Gable akiwa mhusika mkuu. Baada ya hapo kamusi za Kimarekani zikaongeza maana ya pekee: mtu anayetengeneza matangazo ya biashara, hasa ya redio na televisheni. Maana hii leo imefifia, lakini ukisoma maandishi ya miaka ya 1950 utaikuta kila ukurasa.

Nani ni mfano wa huckster katika historia?

Jina linalotajwa kwanza ni P. T. Barnum, mwonyeshaji wa Kimarekani wa karne ya 19. Mwaka 1835 alimzungusha mjini New York na kwingineko mwanamke mzee mtumwa, Joice Heth, akitangaza kwamba ana umri wa miaka 161 na alimlea George Washington. Bibi huyo alipofariki mwaka 1836 Barnum aliufanya uchunguzi wa mwili wake kuwa onyesho na watu wakalipa senti 50 kuingia. Daktari akasema hakuzidi miaka 80 hivi. Mwaka 1842 akaja na "nguva wa Fiji", ambaye alikuwa kiunzi cha nyani kilichoshonwa kwenye mkia wa samaki. Kuna wanaomsimulia Barnum kwa kicheko, kama mcheshi aliyewaelewa watu. Mimi kwa Joice Heth sioni cha kuchekesha.

Wa pili ni Clark Stanley, aliyejiita mfalme wa nyoka. Huyu hutajwa sana kama asili ya msemo "snake oil", mafuta ya nyoka, unaoenda sambamba na huckster katika sentensi nyingi. Aliuza chupa za mafuta ya kuchua maumivu akidai ni ya nyoka wenye njuga, na alijionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Serikali ya Marekani ilipopima shehena yake ikakuta mafuta ya madini, mafuta kidogo ya wanyama kiasi cha asilimia 1, pilipili, na pengine kafuri na tapentaini. Mwaka 1916 alitozwa faini ya dola 20. Angalia vizuri: kosa lilikuwa kudanganya kuhusu kilichomo ndani na kinachotibu. Kelele za kunadi hazikuwa kosa.

Huckster, hawker, peddler, vendor, tout, hustler… yote si yaleyale?

Hapana, na wanaoandika kwa Kiingereza huumbuka hapa.

"Vendor" ndilo neno safi kuliko yote. Muuzaji wa mtaani ni "street vendor", na kampuni inayoiuzia ofisi yako kompyuta nayo ni "vendor". Halina harufu yoyote.

"Hawker" ni anayeuza akiita wateja au akitembea. Uingereza lina ukali kidogo, lakini Singapore, Hong Kong na India ni neno la kawaida la kazi. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza utamaduni wa hawker wa Singapore, yaani wapishi wa vibanda, kwenye orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu. Neno la huckster halijawahi kupewa heshima ya aina hiyo.

"Peddler", ambalo Waingereza huandika "pedlar", ni anayezunguka na vitu vidogo vidogo kwa miguu. Lina hadhi ya kisheria Uingereza: sheria ya mwaka 1871 bado inawataka wawe na cheti cha polisi. Kwa mafumbo limechafuka, maana "drug peddler" ni muuza dawa za kulevya na "to peddle lies" ni kueneza uongo.

"Tout" ni yule anayekuvamia stesheni au mlangoni mwa uwanja. Uingereza "ticket tout" hununua tiketi na kuziuza kwa bei ya kuruka, na Mmarekani humwita "scalper". Tahadhari moja: Ayalandi ya Kaskazini "tout" ni msaliti anayepeleka habari kwa polisi, na huko neno hilo limewahi kugharimu maisha ya watu.

"Barker" ndiye mpiga debe hasa, anayesimama nje ya hema la maonyesho akiwaita watu waingie. Limetokana na kubweka. Australia humwita "spruiker", na huko husimama hata nje ya duka la nguo.

"Hustler" lina sura mbili. Kwa mmoja ni sifa, mtu asiyelala anayejitafutia. Kwa mwingine ni mjanja wa meza ya kamari, au hata anayeuza mwili. Usilitumie mpaka ujue unaongea na nani.

"Monger" halisimami peke yake siku hizi. "Fishmonger" ni muuza samaki mwenye heshima zake, ilhali "warmonger" ni mchochea vita na "scaremonger" mtia watu hofu. Sauti moja, hukumu mbili, kutegemea kinachouzwa.

Basi huckster na "con man" wanatofautianaje?

Con man anataka umwamini, huckster anataka ununue. Asili ya jina la con man inaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1849 alikamatwa New York mtu aitwaye William Thompson. Mbinu yake ilikuwa kumsogelea mgeni aliyevaa vizuri, kupiga naye soga kama marafiki wa zamani, kisha kumuuliza kama anamwamini kiasi cha kumwachia saa yake hadi kesho. Wengine walimpa, naye akaondoka nayo. Magazeti yakamwita "confidence man", yaani mtu wa imani, na kifupi chake ndicho "con man".

Thompson hakuuza kitu. Huckster lazima awe na kitu cha kukukabidhi, hata kama ni chupa ya maji yenye rangi. Ndiyo maana huckster anaweza kuwa mbaya bila kuvunja sheria yoyote: umelipa, umepewa, na ulichopewa hakina kazi. Con man karibu kila mara ni mhalifu.

Linaweza kuwa kitenzi?

Ndiyo, tangu karne ya 16. "To huckster" ni kuuza rejareja, au kubishania bei kwa vijisenti, au kunadi kwa ung'ang'anizi. Kwa mazungumzo ya leo kitenzi hakisikiki sana. Kinachokutwa zaidi ni "huckstering" kama jina la tendo, na "hucksterism" kwa tabia yenyewe. Ukitaka kitenzi chenye uhai sema "to hawk", "to peddle" au "to push".

Huambatana na maneno gani?

Utakuta "political huckster", "religious huckster", "television huckster", "carnival huckster" na "cheap huckster". Baada yake hufuata "of" au "for": "a huckster of miracle cures" ni mtu anayenadi tiba za miujiza, na "a huckster for the oil industry" ni anayeitetea sekta ya mafuta kwa malipo huku akijifanya mchambuzi. Hilo la pili lina sumu zaidi, kwa kuwa linasema kauli ya mtu imenunuliwa.

Neno ni la maandishi kuliko la mdomoni. Kijana wa Kiingereza akikasirishwa na muuzaji wa simu hatasema "huckster", atasema "scammer" hata kama hajaibiwa. Huckster ni neno la mhariri wa gazeti na mwandishi wa tahariri.

Ni tusi? Naweza kumwita mtu hivyo?

Si tusi la kufungiwa redio, lakini ni shutuma, na aliyeitwa hivyo atachukia. Ukiandika habari, acha neno hili kwenye maoni na ulitoe kwenye taarifa. Andika alichodai, andika kilichopatikana, msomaji atalitafuta neno mwenyewe.

Kuna jambo zito zaidi. Kwa karne nyingi Ulaya ilitumia maneno ya uchuuzi kama matusi dhidi ya Wayahudi, waliozuiwa kazi nyingi na kusukumwa kwenye biashara ndogondogo na mikopo, kisha wakalaumiwa kwa kuzifanya. Tafsiri za Kiingereza za makala ya Karl Marx ya mwaka 1844 kuhusu suala la Wayahudi zimetumia "huckstering" kulifasiri neno la Kijerumani "Schacher" kwa maana hiyohiyo, na wasomi bado wanabishana kuhusu makala hayo. Kwa hiyo ukiliweka "huckster" karibu na jina la kabila au dini ya mtu, msomaji anayejua historia atasikia kitu ambacho pengine hukukikusudia. Kulikwepa katika mazingira hayo ni busara ya kawaida.

Kwa Kiswahili tuseme nini?

Hakuna neno moja linalotosha, na mtafsiri anayelazimisha moja ataharibu. Angalia sentensi inataka nini.

Kama ni historia au Karibea, "mchuuzi" linatosha kabisa. Kama lawama ni kununua na kupandisha bei, "mlanguzi" linakaa vizuri kuliko yote. Kama ni kelele za kusifia, "mpiga debe" lina nguvu, hasa kwa siasa, kwa sababu Waswahili tayari humpigia mgombea debe. Kama udanganyifu ndio kiini, "laghai" au "ayari". "Tapeli" mimi huliacha mpaka pawe na wizi wa wazi, kwa sababu linamsukuma huckster hadi kwenye jela ambayo Kiingereza hakijamfikisha. "Dalali" silishauri: dalali ana kazi halali, na kumtumia hapa ni kumwonea.

Na mara nyingine tafsiri bora ni kuvunja neno: "muuza maneno", "anayenadi asichokiamini", "mfanyabiashara king'ang'anizi mwenye sifa nyingi na bidhaa hafifu". Kwa "religious huckster" niliwahi kuridhika na "mchuuzi wa miujiza", kwani "miujiza" inaeleza bidhaa na "mchuuzi" inashusha hadhi, na pamoja yanaleta ile dharau ya Kiingereza bila kumwita mtu mwizi.

Sheria hulitumia neno hili?

Sheria nyingi za kisasa haziligusi. Uingereza husema "pedlar" na "street trader"; Marekani husema "solicitor" kwa anayegonga milango kuuza, neno ambalo Uingereza ni wakili, na hilo pekee limeshawachanganya wengi. Mji mdogo wa Green River, Wyoming, ulipiga marufuku mwaka 1931 wauzaji wanaogonga milango bila kualikwa, miji mingi ikaiga, na jina la mji likawa jina la sheria za aina hiyo. Mwaka 1951 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali marufuku kama hiyo kwa wauzaji wa usajili wa majarida.

Kinachomlinda mnunuzi siku hizi ni muda wa kughairi. Kanuni ya serikali kuu ya Marekani humpa siku 3 za kazi aliyeuziwa nyumbani kwake kitu cha dola 25 au zaidi. Umoja wa Ulaya na Uingereza hutoa siku 14 kwa manunuzi mengi ya mlangoni au mtandaoni. Uingereza pia imeharamisha muuzaji kuganda mlangoni baada ya kuambiwa aondoke.

Huckleberry Finn ana uhusiano wowote?

Hana. "Huck" ya mvulana huyo wa riwaya za Mark Twain ni ya tunda la porini.

Niliwahi kuuza bidhaa mtaani. Kwenye wasifu wa Kiingereza niandike "huckster"?

Usiandike, isipokuwa unaomba kazi Dominica. Tumia "street vendor" au "market trader" kama ulikuwa na kibanda au meza, na "sales representative" au "door-to-door sales" kama uliuza kwa niaba ya kampuni. Kisha taja bidhaa na idadi ya wateja uliowahudumia kwa siku. Anayeajiri hutazama hapo.